Hodi kwenye Kisiwa cha Mchanga

Mmeniomba nikae niandike, na tatizo limeanzia hapo hapo kwenye kukaa. Tangu nistaafu kuongoza wageni, kiti cha barazani kwangu hapa Gongoni, Tabora, kimenishinda. Naandika mistari michache, nainuka, naenda jikoni kuangalia maharage niliyokwisha kuyaangalia, natoka hadi barabarani kuwatazama bodaboda wanavyogombania abiria, narudi. Jirani yangu anasema nitachimba mtaro mlangoni. Kwa hiyo mkiona habari imekatika mahali, jueni nilikuwa nimeinuka.

Nawaandikia ninyi mnaoishika kazi hii sasa, hasa mnaonipigia simu kuniuliza wageni wapelekwe karibu kiasi gani na wanyama. Jibu fupi nimeshawapa kwenye simu na halikuwaridhisha. Hili ndilo refu.

Nilianza dukani kwa Kanti, muuza vipuri vya baiskeli mjini Tabora. Kanti alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapa, na baba yake alizaliwa hapa, na Kinyamwezi cha sokoni alikijua kuliko mimi niliyelelewa mjini kwa Kiswahili. Aliwapenda ndege kama wanaume wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa na gari moja lililochoka na darubini moja nzuri, na wageni waliokuja kutafuta njia ya zamani ya misafara waliishia mikononi mwake. Mimi nilikaa kaunta, au tuseme nilitakiwa kukaa. Mteja akiulizia pedeli, nilikuwa nimeshafika stoo, nimerudi, nimeenda mlangoni kuona mvua inatoka upande gani. Siku moja fundi baiskeli akamwambia Kanti, "Bwana, huyu dada ananitia kizunguzungu."

Kesho yake Kanti alinivisha darubini shingoni. "Zuhura, wewe dukani hukai," akasema. "Nenda nje na wageni."

Nilidhani amenifukuza kwa ustaarabu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kazi aliyonipa ilikuwa ni ya kukaa zaidi kuliko ile ya kaunta, ila unakaa juu ya maji na unatazamwa na kiboko.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya Usinge, kwa treni ya Kigoma, ambayo siku hizo iliondoka ilipojisikia. Lazima niseme ukweli kuhusu njia ya misafara: sehemu kubwa imelimwa tumbaku. Huwezi kumsimamisha mgeni mbele ya shamba la tumbaku, umwambie hapa walipita wapagazi na pembe zao, halafu utegemee ashangae. Kanti alilijua hilo. Kwa hiyo wageni wakishachoka kutazama tumbaku, aliwapeleka mbele ya Usinge, kwenye ziwa dogo lililozungukwa na matete. Wakati wa kiangazi maji hushuka na visiwa vya mchanga huibuka, vyeupe, vina fukwe safi ambazo hazijakanyagwa na mtu. Nimewaona wageni waliotoka moja kwa moja Zanzibar wakivua viatu na kusema hawakutegemea ufuko wa namna hii katikati ya nchi. Mimi mwenyewe sikuutegemea.

Mwenye mtumbwi aliitwa Maganga. Nilimkuta amesimama kwenye matope, anatafuna karanga.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba, mayu," akaitikia, akiniita mama kwa Kinyamwezi. "Mbona umevaa kama mwali? Tunaenda kwa kiboko, si kwa mashemeji."

Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe na kanga nyekundu, nguo zangu bora, kwa sababu nilidhani kazi mpya huanzwa na nguo bora. Alinipa koti lake la kaki lililonuka samaki, nikalivaa juu ya blauzi yangu, na harufu ile nilirudi nayo mpaka Tabora. Ninyi mnaonunua mashati ya rangi ya majani makavu kwa kuagiza mtandaoni, mjue mtindo wenu ulianzia kwenye koti lile.

Karibu yote ninayoyajua nimejifunza kwa kukaripiwa na Maganga. Nilinong'ona, akanikaripia: mnong'ono unasikika mbali kuliko sauti ya chini ya kawaida, na mnyama anauogopa kwa sababu ndivyo wanavyoongea wawindaji. Nilimwambia aelekeze mtumbwi moja kwa moja kwa ndege, akanikaripia: anayekuja moja kwa moja anakuja kula. Pita kwa pembeni, kana kwamba una shughuli kwingine. Usijiweke kati ya kiboko na maji mengi. Usimrushie korongo hata kichwa cha samaki, maana kesho atamfuata mvuvi na keshokutwa atapigwa. Gamba la konokono uliloliona ufukoni liache ufukoni. Alinifundisha pia kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nikaanguka nao majini mbele ya wageni. Walipiga picha nyingi kuliko walizompiga mamba.

Ndege waliompendeza Kanti kuliko wote walikuwa wale tuliowaita wakatamaji. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo mwekundu ambao nusu ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Wanaruka chini kabisa huku ile nusu ya chini ikichana maji, wakigusa samaki wanafunga. Hawajengi kiota. Wanafukua kishimo kidogo kwenye mchanga mtupu na kutaga humo mayai yenye rangi ya mchanga ule ule. Jua likipanda, mzazi anakwenda kulowesha tumbo ziwani, anarudi kuyalalia ili yapoe. Mkimwinua mchana mkamzuia kurudi, mayai yanaiva. Sisemi kwa mfano, yanaiva kweli.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mmesikia likisimuliwa vibaya.

Wakatamaji walikuwa wakitaga kwenye kisiwa cha mbali, na sisi tulizoea kushukia kisiwa cha karibu, hapo tukinywa chai na wageni wakiosha miguu. Kiangazi kimoja Kanti alituma habari kwamba anakuja mwenyewe na wageni wa heshima, bibi mmoja na mabinti zake, na akamwomba Maganga aandae mahali pazuri. Na nyumbani kwetu mnajua mgeni anaandaliwa vipi. Kabla ya chai na kabla ya kuku, uwanja unafagiwa. Nyumba inaweza kuwa haina sukari, lakini mgeni hatakanyaga uwanja wenye majani ya jana. Maganga aliamka alfajiri, akachukua mfagio wa mkewe, akavuka maji giza likiwa halijaisha. Ndege waliinuka. Hakushtuka, maana ndege hupumzika popote. Akafagia kisiwa chote, kutoka ncha hadi ncha.

Tulipofika na wageni jua limeshatoka, mchanga ulikuwa na mistari ya mfagio iliyopangika, kama uwanja wa sikukuu. Bibi yule alisema hajawahi kupokelewa hivyo. Juu yetu wakatamaji walizunguka wakilia, kip, kip, kip, hawaendi na hawatui. Kanti aliangalia juu, akaangalia mchanga, akaanza kutembea haraka kuelekea ukingoni, mahali takataka zilipokusanywa. Palikuwa na majani ya matete, manyoya, na maganda ya mayai yaliyochanganyika na ute.

Msimu ule walikuwa wamehamia kisiwa cha karibu, na hatukujua.

Kanti alitaka kufoka. Nilimwona akimtafuta wa kumfokea, akakosa, kwa sababu ni yeye aliyesema paandaliwe. Maganga alikaa chini na mfagio mapajani. "Nimefagia," akasema. Kisha akasema tena, polepole, "Nimewafagia."

Tuliwaondoa wageni hapo hapo, chai haikunywewa. Ndege wale walilia kutwa nzima. Tuliwasikia mpaka ufukoni kwa akina Maganga, tukiwa tumekaa na chakula ambacho hakuna aliyekigusa. Mkewe, Mama Shija, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akamwuliza, "Ulifagia uwanja wa watu bila kubisha hodi?"

Hakuwa akimkejeli. Aliuliza tu, kama unavyomwuliza mtu kama alifunga mlango. Lakini Maganga hakupata usingizi kwa swali hilo, na mimi hadi leo sijalimaliza. Kumbe siku zote tulikuwa tumejifanya wenyeji kwenye kisiwa kile. Tulikaribisha watu mahali ambapo sisi wenyewe hatukuwahi kukaribishwa.

Utaratibu wa hodi ulitoka hapo, na ulitungwa na Maganga, si Kanti wala mimi. Niuandike, maana siku hizi nasikia mnaukatakata. Unasimamisha mtumbwi mbali, pale ambapo ndege bado anaendelea na shughuli zake. Unasema hodi kwa sauti ya kawaida. Akiendelea kuchambua manyoya yake, umeitikiwa: tazameni, lakini kutoka hapo hapo. Akiinua shingo, amewaambia msubiri. Akisimama, ninyi ndio mnaoondoka, hata mgeni awe ametoka nchi gani na amesafiri siku ngapi. Na kisiwa chenye mayai hakikanyagwi kabisa, hata kwa ncha ya kidole. Wageni wa hapa nchini hawakuhitaji maelezo. Kila aliyelelewa huku anajua kwamba hodi isiyoitikiwa haivunji mlango. Wa ng'ambo ndio tuliowaeleza, na wao ndio walioipenda kupita kiasi, tukawa na watu wazima wanaomwambia kila kunguru hodi.

Wagumu hawakukosekana. Bwana mmoja kutoka Dar alikuja na mchumba wake na droni. "Mama, siwagusi," akaniambia. "Ni kamera tu inapita juu."

"Nyumbani kwako mtu akipitisha kamera juu ya chumba cha kulala, utamkaribisha chai?"

Alicheka, akairudisha kwenye begi. Baada ya muda akauliza kama anaweza kupiga makofi kidogo tu, korongo waruke, mchumba apate picha. Sikubishana naye. Nilimpa upondo asukume, maana mikono yenye kazi haipigi makofi. Alipata malengelenge na mchumba akapata picha yake akisukuma, ambayo naamini ilifaa zaidi.

Korongo walikuwepo, mamba walikuwepo, viboko ndio usiseme. Wakatamaji hawakurudi. Kiangazi kilichofuata kisiwa kiliibuka kitupu. Kilichofuata hicho, vivyo hivyo. Miaka mingine maji yalichelewa kushuka, miaka mingine wavuvi walipiga kambi pale na mbwa. Tulikwenda kuwasihi wavuvi, wakahama, na bado ndege hawakuja. Mimi nilihangaika. Kiangazi kikianza nilikuwa napiga simu Usinge kuuliza maji, naambiwa bado, napiga tena. Watu waliniambia subira yavuta heri mpaka nikaichukia methali yenyewe. Kanti alizeeka, akafunga duka, akafariki bila kuwaona tena. Maganga yeye, kila msimu, tukipita pale na wageni au bila wageni, alisimamisha mtumbwi mbali na mchanga mtupu, akasema hodi, akasubiri, akaendelea na safari. Wageni waliangalia huku na huku kumtafuta mnyama. Nilitamani ajisamehe, apumzike. Sikuthubutu kumwambia.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Ilikuwa presha ya macho, na aligundua kwa kuchelewa, kama wengi wetu. Kwanza alipoteza pembeni, baadaye katikati kukabaki ukungu. Upondo ukachukuliwa na mwanawe, Shija, mtu mzima mwenye watoto wake. Maganga akawa anakaa mbele ya mtumbwi, anaonyesha njia kwa kumbukumbu, na kwa kweli alikuwa akikosea mara chache kuliko Shija. Aliniambia mara moja, tukiwa peke yetu, "Zuhura, mimi sasa nimebaki na masikio. Nataka niwasikie mara moja wakiwa kwao, nitulie."

Kiangazi hiki kilichopita, nikiwa nimeshaaga kazini na kubaki tu kukabidhi vifaa, simu ililia. Alikuwa Shija.

"Shangazi, wamerudi. Kisiwa cha karibu. Nimewaona kwa mbali, wamelala chini."

"Umemwambia baba yako?"

"Amevaa viatu tangu nilipomwambia."

Nilipanda treni ya kwanza. Sikulala njiani, nilitembea kwenye behewa mpaka mkaguzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Tulianza safari mapema, lakini maji yalikuwa yameshuka sana. Mahali pengi Shija na mimi ilitubidi tushuke tuuburute mtumbwi kwenye tope huku Maganga amekaa mbele, ameshika ukingo kwa mikono miwili, anatuharakisha. Tulipofika pale pa kusimama, jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Nikainua darubini. Walikuwepo. Migongo myeusi imepangana juu ya mchanga, midomo myekundu yote imeelekea upepo. Mmoja alitoka majini, tumbo linadondosha maji, akatua, akajisogezasogeza juu ya mayai, akatulia.

"Wapo?" Maganga akauliza.

"Wapo, kaka. Wengi."

Akageuza kichwa, sikio moja likielekea kisiwani. Alisikiliza kwa muda mrefu. Matete yaligongana, maji yaligonga mbao. "Mbona siwasikii?"

"Wamelalia. Wametulia."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumemletea. Mkatamaji aliyetulia halii. Miaka yote ile ya kusubiri, na mtu aliyebaki na masikio tu amefika mbele yao na hakuna cha kusikia. Kusukuma upondo mara mbili tu kungetosha. Wangeinuka wote, wangelia juu ya vichwa vyetu, naye angewapata. Shija aliniangalia, nikajua naye anawaza hivyo hivyo. Miguu yangu ilikuwa haitulii. Nilimpenda sana mzee yule kwa dakika ile, na nilikuwa tayari kuvunja kila nilichowahi kuwafundisha ninyi.

"Kaka," nikasema, "tukisogea kidogo utawasikia."

"Watainuka?"

"Watainuka. Ni kwa muda tu."

Aliweka kiganja juu ya ubao wa mtumbwi, pale jua lilipokuwa likipiga. Akakiacha pale mpaka nikaona anakunja uso, akakiondoa. "Sema hodi, Zuhura."

"Hodi," nikasema.

Akasikiliza tena. Hakuna hata bawa lililopigwa.

"Shija," akasema kwa sauti ya chini ya kawaida, "rudi nyuma. Taratibu, usigonge mbao."

Tukarudi. Nililia njia nzima, tena kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani. Maganga alikaa ameelekea mbele, hakugeuka, hakuniambia ninyamaze. Tulipoburuta mtumbwi kwenye tope hakutuharakisha tena.

Mama Shija alikuwa ametusubiri ufukoni na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, amesimama, hata kigoda hakukileta. Alikuwa ametegea sikio tangu asubuhi. Hakutuuliza kama tumewaona. Alisubiri mumewe aushike ukingo, apapase, ateremshe mguu mmoja kisha wa pili kwenye mchanga.

"Walilia?" akauliza.

"Hakuna hata mmoja," akasema Maganga.

Mama Shija akaweka bakuli chini, akapiga kigelegele.